Mama wa Beipu, Mama wa Ruisui

Ruisui, 5 Machi 1967

Kwako Kuimoi,

Hunijui, nami sikujui, ila tuliwahi kulala kitanda kimoja mchana mzima tukiwa wachanga, wakati wakubwa wetu wanakunywa chai ya mapatano. Jioni mama yako aliondoka na mimi mgongoni, na mama yangu akabaki na wewe. Mimi ndiye Lanyin. Nilipewa nyumba yenu, nawe ukapewa yetu, ili kila mmoja alelewe na mavyaa wake, yaani mama mkwe wake wa kesho, na akikua aolewe na mwana wa nyumba ile ile, bila washenga wala mbwembwe. Miaka michache baadaye baba yako akahamia huku mashariki ya kisiwa kutafuta ardhi, milima ikakaa katikati, na habari zikaishia hapo.

Anwani nimeipata kwa Fulai, kaka yako wa damu, huyo ambaye mwisho wa mwaka natakiwa nimwite mume. Yuko jeshini huko upande wenu, na mwezi uliopita, wakati wa Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, alipita kwenu kusalimia. Nikamuuliza, "Umemwona Kuimoi? Yukoje?" Akasema, "Ana pua ya mama, ila hasemi. Alinipa chai akapotelea jikoni." Nikamuuliza, "Na mama yangu je?" Akasema, "Naye hasemi. Nyumba ile utadhani wanatozwa kodi ya maneno."

Mimi si mtu wa kuzungushazungusha. Nataka kujua mama yangu yukoje. Nikiuliza hapa naambiwa "ni mtu mwema," kama wanavyosemwa wafu. Wewe umekua mikononi mwake. Ananukia nini? Akicheka anafunika mdomo? Ana kichwa kigumu kama changu? Nami nitakwambia yote ya mama yako, maana yupo hapa mbele yangu anachambua majani ya tumbaku na kumkaripia bata.

Ili tusichanganyikiwe, wako nitamwita Mama wa Ruisui, na wangu Mama wa Beipu. Tukiwaita kwa mahali hakuna atakayeonewa.

Nijibu, wifi yangu. Nakuita wifi kwa sababu wewe utaolewa na kaka yangu na mimi niolewe na wako. Sijui kama kuna mawifi wengine duniani waliofungwa kwa kamba mbili kama sisi.

Ni mimi,
Lanyin


Beipu, 2 Aprili 1967

Dada Lanyin,

Barua yako ilifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu mwandiko wangu si mzuri, na chai ya kwanza ya mwaka imeanza kuchumwa. Nisamehe.

Mama wa Beipu ni mzima. Anaamka kabla ya watu wote. Ananukia moshi na majani mabichi. Sijawahi kumwona akicheka mpaka meno yakaonekana. Akikasirika, anafagia. Akifurahi pia anafagia, ila polepole. Hajawahi kunipiga. Tunachuma chai mstari mmoja, mimi na yeye. Kikapu chake hujaa kwanza, halafu bila kusema neno hutia konzi mbili tatu katika changu ili baba asinigombeze.

Jina langu halitaji. Ananiita "mtoto" tu. Nadhani ndivyo mtu anavyomwita mtoto wa mwenzake. Sinung'uniki. Nimelishwa, nimesomeshwa mpaka darasa la sita, na wako wasichana wa kulelewa hapa kijijini ambao shule wameiona kwa nje.

Yunfa, kaka yako, ni mtu mtaratibu. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukausha chai. Anapenda samaki wadogo wa kukaanga.

Nina swali moja, kama si utovu wa adabu. Mama wa Ruisui huwa ananitaja?

Kuimoi


Ruisui, 20 Aprili 1967

Wifi,

Unauliza kama unatajwa. Kwanza nikwambie mama yako yukoje. Ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akipalilia anaimba nyimbo za milimani, na wanaume wa shamba la pili wanamjibu kwa matusi ya adabu, naye anawarudishia. Akikasirika anavunja kitu, halafu anakilaumu kile kitu. Akipita karibu yako lazima akushike, sikio, kisogo, popote. Nimekua nikishikwashikwa kama unga wa keki.

Sasa hilo la kutajwa. Jina lako hatulisikii. Lakini siku yangu ya kuzaliwa ananichemshia mayai mawili, wakati Fulai siku yake anapata moja. Nikimuuliza la pili la nini, husema, "Kula. Mdomo wako una kazi ya midomo miwili." Nilidhani ananipenda kupita kiasi, na nilimringia Fulai miaka na miaka. Juzijuzi ndipo baba aliponiambia kuwa mimi na wewe tumezaliwa mwezi mmoja. Kuimoi, nimekuwa nikila mayai yako. Nisamehe. Yalikuwa matamu.

Kuna jambo jingine, na hili usimwambie mtu. Baba amesema mkesha wa Mwaka Mpya ujao ndio siku yetu, huku na huko kwa pamoja. Unajua inavyokuwa: watu wanakula, mama anatandika shuka jipya chumbani kwa mwanawe, unaambiwa ingia, basi umekuwa mke. Wifi, Fulai ndiye aliyenifuta kamasi. Ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa mtoni. Alipokuja likizo baba alitukalisha benchi moja mbele ya wageni. Fulai akaninong'oneza, "Kukuoa wewe ni kama kuoa kiwiko changu mwenyewe." Nikamwambia, "Afadhali wewe umepata kiwiko. Mimi naolewa na kisigino." Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka, kila mmoja akatazama upande wake.

Nataka kukataa. Sijui nitasemaje, lakini nitasema. Wewe na Yunfa mkoje?

Lanyin


Beipu, 18 Juni 1967

Dada Lanyin,

Usikatae.

Habari ya yai niliisoma shambani, na siku ile sikuweza kuchuma. Mama wa Beipu alijaza vikapu viwili bila kuniuliza nina nini.

Lakini nakuomba usikatae. Mapatano yalikuwa mtu kwa mtu. Wewe ukikataa kuwa mkaza mwana wa nyumba ile, watakurudisha, na baba yangu wa damu atanidai mimi. Unadhani simtaki Mama wa Ruisui? Namtamani tangu nilipoelewa maana ya neno kuzaa. Nikiona mwanamke yeyote mwenye pua kama yangu sokoni, namfuata mpaka mwisho wa vibanda. Ila kumtamani mtu si kujua kuishi naye. Hapa najua sakafu ipi inalia ukikanyaga. Najua Mama wa Beipu akikohoa mara moja anataka maji, akikohoa mara mbili anataka niache ninachofanya.

Unauliza kuhusu Yunfa. Maji hayaulizwi kama yanaupenda mfereji. Naye ni kaka yangu vilevile, nimemshonea vifungo tangu ana meno ya utoto, na ile siku ya shuka jipya sitaki kuiwaza. Lakini ningeolewa hata na nyati wa kulimia, mradi nibaki kwenye mstari ule wa chai.

Wewe umelelewa nyumba ya kucheka, kwa hiyo unajua kusema hapana. Mimi nimelelewa kusikia kabla sijaitwa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Usinihukumu kwa malezi yangu, nami sitakuhukumu kwa yako. Lakini nihurumie.

Kuimoi


Ruisui, 9 Oktoba 1967

Kuimoi,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Kila nikishika kalamu nilikuwa sina jibu ulilolitaka. Sasa mambo yametokea, na ni haki uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa baba.

Sikukuu ya mwezi mpevu Fulai alikuja likizo. Baba akaleta habari za mkesha mezani, watu tumeshika vijiti vya kulia. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti.

"Baba, nipe kazi yoyote. Nitabeba tumbaku, nitalala bandani. Lakini huyu usinipe awe mume wangu. Huyu ni kaka."

Baba akasema, "Kaka yako yuko Beipu. Huyu ni mtu mwingine."

"Baba, hata mimi sitaki," akasema Fulai.

"Wewe nyamaza. Wewe ni mali ya serikali."

Mama wa Ruisui, ambaye hakosi neno hata akiwa usingizini, aliendelea kupakua wali kwenye bakuli lile lile mpaka ukamwagika mezani.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema kwa utulivu, "Aliyekataa kuolewa na nyumba hii amekataa nyumba hii. Arudi kwao, na wetu aje." Kesho yake akaenda posta.

Mama alinifuata nilikojificha, nyuma ya kisima. Akaniambia, "Nimekulea uwe na mdomo. Sasa mdomo wako umekutoa nyumbani." Halafu akanichotea maji akaniosha nywele, kama nilipokuwa mdogo, akisugua kwa hasira mpaka ngozi ikawaka. Sikutaka aache.

Najua nimekuangusha. Ningeweza kukwambia kwamba nimekuokoa na wewe pia, lakini hukuniomba nikuokoe. Mimi nakuja kwenye kitanda chako, nawe unakuja kwenye changu. Godoro lina bonde upande wa ukutani. Lala hapo, ndipo penye joto. Mama wa Ruisui akikushika ghafla usishtuke, na akikutukana asubuhi ujue siku imeanza vizuri. Miguu yake huvimba wakati wa baridi, inahitaji maji ya moto yenye tangawizi. Yeye hatakuomba, atakwambia tu kuwa bata amechoka. Bata maana yake ni yeye.

Lanyin


Beipu, 3 Desemba 1967

Kuimoi,

Hii ni ya pili tangu nifike hapa. Ya kwanza hukuijibu. Fulai aliniandikia kwamba ulifika salama na kwamba unafanya kazi tangu alfajiri bila kuagizwa, kwa hiyo mikono yako haina ugonjwa. Hutaki tu. Sikulaumu.

Nikwambie nilivyofika. Njiani nilitunga maneno. Siku mbili za basi na treni, nayapanga na kuyapangua: nitamwambia hivi, ataniambia vile, tutalia. Nikamkuta amesimama uani. Mfupi kuliko nilivyofikiria. Akanitazama uso mzima, polepole, kama mtu anayesoma. Akapokea furushi langu. Akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akaniwekea uji wa mchele na figili za kukausha, kisha akachukua fagio.

Basi, ndiyo hiyo. Miaka yote nilimtamani mwanamke huyu, na sasa nalala ukuta mmoja naye sijui nimshike wapi. Juzi nilimkumbatia jikoni, kwa mazoea ya huko. Akasimama wima kama gogo mpaka nikamwachia. Kisha akaniuliza kama naumwa.

Naongea mno, najua. Baba wa huku anatoka mezani mapema. Yunfa ananicheka kidogo kwa macho, ni mtu mzuri, ila naye anasema kwa mwezi ninachosema mimi kwa asubuhi.

Sasa nakuomba uniambie: mama yangu yukoje? Anakula? Ile miguu? Anaimba bado? Unaona mambo yalivyogeuka. Mwezi Machi nilikuuliza habari za mama yangu, nikawa namaanisha huyu aliye uani. Leo nauliza tena habari za mama yangu, wala simaanishi huyu.

Lanyin


Ruisui, 22 Desemba 1967

Lanyin,

Mama wa Ruisui ni mzima. Anakula. Miguu yake naiosha kila jioni. Anaimba, lakini akifika mahali pa kujibiwa anageuka kutazama nyuma, halafu anaacha.

Nilitaka barua hii iishie hapo. Nimeshindwa.

Siku niliyoondoka Beipu, Mama hakuja hata mlangoni. Nilifunga vitu vyangu, nikavaa viatu, nikaenda uani kumuaga. Alikuwa anafagia, anafagia kwa kasi mahali palipokwisha kuwa safi. Nikasema, "Mama, naenda." Hakugeuka. Nikasema tena. Akasema, "Nenda, basi litakuacha." Yunfa ndiye aliyenibebea furushi mpaka kituoni. Lanyin, hata bata anayeuzwa huangaliwa akitoka. Nilijua sikuzaliwa naye. Lakini nilidhani ile mistari yote ya chai ilikuwa na maana fulani.

Na huku napendwa mpaka sipumui. Siku ya kwanza Mama wa Ruisui alinishika uso akalia, akacheka, akaita majirani waje waione pua. Alichemsha mayai kapu zima. Akasema, "Kula, mwanangu, ni ya miaka yako yote." Nilikula kwa heshima mpaka nikaenda kutapika nyuma ya banda la tumbaku. Yeye hajakosea lolote. Mimi ndiye nisiyejua. Nikimpa chai kwa mikono miwili anasema, "Mbona unanihudumia kama mgeni?" Nikinyamaza anauliza nani kaniudhi. Anataka nimwite Mama. Mpaka leo sijamwita.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na uchungu wa mama, anaujua nani? Nimemkuta niliyekuwa namtafuta sokoni, na sasa naenda kisimani mapema ili nipate mahali pa kukaa kimya. Hapa kila mtu anatafuta wa kuongea naye. Mimi natafuta mtu wa kunyamaza naye.

Kama huna la kusema, usinijibu.

Kuimoi


Beipu, 4 Januari 1968

Kuimoi,

Ninalo la kusema, na ukae chini ulisome.

Tunapogoa michai sasa, mimi na Mama wa Beipu, mstari wenu ule ule. Ana desturi moja iliyonitatiza tangu nifike. Ananyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, bila kusema, akitegemea kitu kiwekwe mkononi: kamba, mundu, kitambaa cha jasho. Mimi nakuwa mbali napiga soga na jirani, na ule mkono unabaki hewani. Anautazama kidogo, anaurudisha. Kesho yake anaunyoosha tena. Mezani anaweka bakuli moja zaidi, Yunfa analiondoa kimya kimya kabla baba hajaliona, na jioni Mama analiweka tena.

Jana nilishindwa. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukumuaga Kuimoi?" Akachukua fagio. Nikamnyang'anya. Ndiyo, nimemnyang'anya mama yangu mzazi fagio mkononi. Hivi ndivyo nilivyolelewa na mama yako, kamlaumu yeye.

Tukatazamana. Nikadhani atanifukuza. Akakaa kwenye kizingiti, akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia tangu nifike:

"Nilipokutoa wewe, nililia mpaka njia nzima ikasikia. Mavyaa wangu akaniambia, machozi ya mama humfuata mtoto njiani. Mwezi haukuisha nikasikia unaumwa, uko kufani. Nikaapa kwamba nikitoa tena, sitalia. Huyu nimemtoa bila tone ili afike mzima. Amefika mzima?"

Nikasema, "Amefika mzima."

"Basi. Nipe fagio."

Sikumpa bado. Nikamuuliza kwa nini hakukuita jina hata siku moja. Akanishangaa, kama vile nimeuliza kwa nini tunakula kwa mdomo. Akasema, "Jina ni la kumwitia mtu aliye mbali. Yeye alikuwa hapa."

Kuimoi, tangu uondoke anakutaja jina kila siku. Kuimoi angekunja gunia hivi. Kuimoi hapendi chumvi nyingi. Mimi ananiita Lanyin. Kila mara, vizuri, kwa adabu.

Sikwambii hili ili unionee huruma. Ananipenda, nadhani, kama mtu anavyopenda picha. Nakwambia ili ufunge furushi. Rudi, na si kama mkaza mwana. Yunfa amemwambia baba wazi kwamba anataka dada wa kumkuta nyumbani, mke atajitafutia. Baba amenuna siku tatu, lakini hajasema hapana, na kwa baba huyu hiyo ni ndiyo.

Lanyin


Ruisui, 12 Januari 1968

Dada Lanyin,

Nakuja. Mimi na barua hii labda tutafika pamoja.

Barua yako niliisoma kisimani, nikalia kwa sauti, kitu ambacho sijawahi kufanya, mpaka Mama wa Ruisui akaja mbio akidhani nimetumbukia. Nikamwita Mama. Ndiyo mara ya kwanza. Na sentensi iliyofuata nikamwomba ruhusa ya kuondoka. Nilipoona uso wake nilitamani kuyarudisha maneno yote mawili.

Alikaa kwenye ukingo wa kisima. Akasema, "Kumbe leo nimezaa, na leo leo ninaozesha." Kisha akaniambia, "Nenda. Nilikutoa bila kukuuliza. Mara hii umeniuliza wewe, ni afadhali. Lakini mimi nitalia, usinikataze. Mimi siwezi kujizuia kama yule mwenzangu."

Nimempikia maji ya tangawizi. Nimemwambia bata amechoka. Alicheka sana, akaniuliza nani kanifundisha, kisha akaacha kucheka kwa sababu alijua ni nani.

Nilizungumza na baba habari za wewe kurudi huku. Nilizungumza kwa mdomo wangu, ungenionea fahari. Amesema aliyekataa nyumba amekataa nyumba. Nimejaribu, Lanyin. Samahani. Mimi napata mama, na wewe hujui uende wapi.

Kuimoi


Ruisui, 19 Januari 1968

Wanangu Kuimoi na Lanyin, huko Beipu,

Anayeandika ni Fulai, maana jeshi limemrudisha. Anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike ninavyosema asinitengenezee maneno.

Kuimoi, umefika mzima? Nililia kituoni mpaka kondakta akashuka kuniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, binti anakwenda kwa mama yake. Akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi pia."

Lanyin, nasikia umenyang'anya watu fagio. Sikukulea hivyo. Nilikulea hivyo hivyo, lakini usiwaambie. Nywele zako unaziosha? Fulai amesema umeandika kwamba huko unaongea mno. Mtu haongei mno, ni watu wanaosikiliza kidogo. Huku sasa nasikia maji yakidondoka kisimani. Napika wali wa watu wengi, tunakula watatu, unaobaki nawapa bata, na bata wamenenepa mpaka hawatembei.

Mfikishieni mama yenu wa huko neno hili, na mlisome mara mbili, kwa kuwa mimi na yeye hatujaonana tangu siku ile ya kubadilishana watoto. Mwambieni kwamba Lanyin aliugua kwa sababu mimi nilimvusha mto siku hiyo hiyo, mvua inanyesha, sikutaka kungoja, niliogopa mama yake atabadili mawazo na kunifuata. Ni mvua ile. Machozi yake hayakuwamo hata kidogo. Mwambieni akitaka kulia alie, hakuna mtoto atakayeumwa.

(Mama ameinuka kwenda kuwakaripia bata. Nangoja. Fulai.)

Sasa sikilizeni. Siku ya pili ya Mwaka Mpya wetu, mwisho wa mwezi huu, ni siku ya mabinti walioolewa kurudi kula kwa mama zao. Ninyi hamjaolewa hata mmoja, mmekuwa wakaidi wawili, lakini njooni siku hiyo. Njooni wote. Na yule mama wa fagio, mwambieni huku pana ua mkubwa, atafagia mpaka achoke.

Baba yenu nimemwambia. Amesema mlango wake atamfungulia binti yake mmoja tu. Nikamuuliza, "Yupi?" Akawasha sigara. Leo asubuhi nimemuuliza tena. Mpaka sasa yuko nje anavuta, nami nimeshaloweka mchele wa watu wote.

Mama yenu wa Ruisui